Gazeti la chuo, kikundi cha waandishi au mswada wa tuzo: kipi kinakaa na kosiwaki (testi na kazi za semesta) bila kuua usingizi?

Kimbweta_Cha_Tatu
Wakuu, salaam. Swali linamhusu mwandishi wa mwaka wa pili, BA ya Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kozi 5, anapanga nje ya kampasi, na GPA haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Mbele yake kuna mambo matatu: gazeti au redio ya chuo, kikundi cha waandishi kinachokutana mara moja kwa wiki, au mswada wa riwaya wa kupeleka kwenye tuzo. Linganisheni kwa saa na kwa wiki. "Jitahidi tu utaweza" tumeshaisikia.

MzeeWaKrediti
Tuanze na hesabu. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10 za kazi, ukijumlisha lekcha, semina na kujisomea. Krediti 60 za semesta ni saa 600. Zigawe kwa wiki 17, mitihani ikiwemo, unapata saa 35 hivi kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala na hizo 35, zinabaki 77, na hapo ndipo watu hujaza fomu za kila klabu.

Tatizo ni kwamba zile 35 ni wastani tu. Wiki ya 3 unaweza kusoma saa 25 na usidaiwe na mtu. Wiki ya 12 kuna testi ya pili, semina na kazi mbili za vikundi, unafika 50 kirahisi. Kwa hiyo kila fursa ipime kwa wiki ya 12, na jiulize wiki hiyo unaweza kuisimamisha bila mtu kuumia? Mswada unasimama. Kikundi kinasimama ukituma udhuru. Gazeti halisimami, maana tarehe yake si yako. Kosiwaki ni 40 kati ya 100, na kwenye vyuo vyenye sharti la alama za chini kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa semesta), huwezi kusema utafidia mwishoni.

Mhariri_wa_Zamu
Mkuu Krediti, umelionea gazeti. Kinachochosha ni dawati la habari. Habari ya maneno 500 inaandikwa kwa saa moja na nusu, lakini kumsubiri msemaji apokee simu, kurudi ofisini kwake mara ya pili na kuhakiki majina kunaweza kumaliza saa nne nyingine, tena katikati ya vipindi. Mwanafunzi aombe dawati la makala. Makala ya utamaduni, uhakiki wa kitabu au mahojiano na mtunzi haichachi kwa wiki mbili tatu. Wiki ya 2 hadi ya 5 aandike tatu amkabidhi mhariri kama akiba. Wiki ya 12 ikifika jina lake linatoka gazetini yeye akiwa maktaba.

Redio ni hesabu nyingine. Kipindi cha dakika 10 ni kama maneno 1,000 hadi 1,200 ya kusomwa. Ongeza kurekodi na kukata sauti, na anayejifunza programu ya kuhariri kwa mara ya kwanza atatumia saa tatu kwa kazi ya saa moja. Asianze redio katikati ya semesta.

Faida ambayo mswada hauna ni kwamba kuna mtu anakata sentensi zako mbele yako. Miezi mitatu ya hivyo inanyoosha hata insha za darasani.

Guni_Sio_Kosa
Kwenye mswada nami nitoe tarakimu. Tuzo ya Safal-Cornell imekuwa ikidai maneno yasiyopungua 50,000 kwa nathari. Maneno 400 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni 2,000. Wiki 13 zinazofaa kwa semesta zinakupa 26,000, semesta mbili 52,000. Rasimu imeisha na hakuna mtu aliyekesha. Likizo ndefu iachwe kwa kusahihisha. Wengi wanafanya kinyume, wanasubiri likizo ndiyo waandike, halafu wiki 8 za fildi (mafunzo kwa vitendo) zinaimeza.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), imekuwa ikitolewa Aprili 13 tangu 2023. Nyanja zake zisome kwenye tangazo la mwaka husika.

Kinachowaponza watu ni kutupia sura za riwaya Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp ili wapate "like". Tuzo nyingi zinataka kazi ambayo haijachapishwa, na mtandaoni nako huenda kukahesabiwa. Wasomaji wawili watatu wa kikundi wanatosha, tena kwa nakala ya karatasi.

Daladala_Ya_Mwenge
Mbona hakuna aliyegusa barabara? Anayepanga mbali anaweza kutumia saa 3 kwa siku njiani, saa 15 kwa wiki, na zote hazipo kwenye zile 35. Umesimama umeshika bomba, huandiki riwaya hapo. Kinachowezekana ni kusikiliza rekodi ya lekcha, au kujisomea moyoni mazungumzo ya wahusika na kuyaandika ukishuka.

Na kuhusu kubasti, yaani kukesha na vitabu: kahawa ya saa 2 usiku, nusu ya kafeini yake bado iko mwilini karibu saa 7 usiku. Unaweza kupata usingizi lakini hautakuwa mzito, na asubuhi unaongeza kahawa nyingine. Kikombe cha mwisho kiwe saa 8 mchana. Kulala dakika 20 baada ya chakula cha mchana kunasaidia. Ukifika saa nzima unaamka mzito kuliko ulivyolala.

Jumapili jioni isiandikwe chochote. Kufua, kupika, kupiga soga. Siku hiyo nayo iko kwenye ratiba.

Mzigo_Wa_Grupu
Mnasahau mwizi mkubwa wa muda wa mwandishi: kazi ya kikundi. Wakijua unaandika vizuri, watu tisa wanakutumia vipande vyao saa 5 usiku, viwili vimenakiliwa mtandaoni kama vilivyo, na wewe ndiye wa kushona. Hizo ni saa 6 hadi 8 ambazo hazina alama ya ziada. Siku ya kwanza weka masharti: kila mtu maneno 300, vyanzo vyake mwenyewe, kazi ifike saa 48 kabla ya kukusanywa. Wewe unasahihisha lugha na kuandika utangulizi tu. Kipande kilichochelewa kinaingia jinsi kilivyo.

Na makala iliyokwisha kuchapishwa gazetini usiikabidhi kama insha ya kozi. Utafiti unaweza kuutumia pande zote mbili, aya haziruhusiwi.

MzeeWaKrediti
Mhariri, kwenye makala za akiba nimekubali. Ila kuna wahariri wa wanafunzi ambao wakijua una akiba wanaitoa yote ndani ya matoleo mawili, halafu wanarudi kudai. Mkubaliane idadi kwa semesta. Jarida la Cheche la hapo Mlimani (UDSM), la 1969–70, lilikuwa na matoleo machache, na wahariri wake walikuwa wanafunzi. Lilikufa kwa kupigwa marufuku, siyo kwa uchovu.

Kimbweta_Cha_Tatu
Nimewasoma. Je, makala 3 za gazeti na mswada vinaweza kwenda pamoja?

Guni_Sio_Kosa
Vinaweza, kwa masharti. Wiki ya 2 hadi ya 5 ni makala tu, mswada ushuke hadi maneno 100 kwa siku ili asipoteze sauti ya msimulizi. Wiki ya 6 arudi 400. Aandike kimbwetani (kwenye meza za nje za kujisomea) saa 12:30 hadi 1:30 asubuhi kabla ya lekcha, na simu iwe kwenye begi. Kwa mwanya huo hatafikisha 26,000 semesta hii, apange 20,000. Kikundi ahudhurie mara mbili kwa mwezi, na siku anayokwenda awe na kurasa mkononi.

Mhariri_wa_Zamu
Saa 12:30 kwa mtu wa daladala maana yake ametoka nyumbani saa 11. Afadhali aandike saa 11 jioni palepale chuoni, foleni ipungue ndipo apande gari.