Ramani ya mchana na usiku inaonyesha Dar giza saa sita mchana

MamaFotokopi (Kigamboni)
Habari zenu wakuu. Nina duka la fotokopi na stesheneri karibu na kivuko, Kigamboni. Mume wangu ni baharia. Sasa hivi meli yao imetoka Durban inakwenda Santos, Brazili, na huko baharini kila baada ya siku chache wanarudisha saa za meli nyuma. Hesabu ya "toa saa ngapi" hainikai kichwani. Nikimtumia ujumbe sijui yuko zamu au amelala.

Fundi mmoja kaniwekea kwenye kompyuta ya dukani programu ya ramani ya dunia. Kwenye mchana pana mwanga, kwenye usiku pana kivuli, na kivuli kinatembea chenyewe bila intaneti. Nimeipenda kuliko chochote kilichomo humu. Ila leo saa sita kamili mchana, jua linawaka nje, ramani inasema Dar es Salaam ni usiku mzito na mwanga umekaa juu ya Mexico! Saa ya kompyuta nimeilinganisha na ya simu, zinalingana. Programu nimeifuta nikaiweka upya, bado. Kompyuta ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo. Kama inanidanganya kwa Dar ninayoiona kwa macho, kwa Atlantiki nitaiamini vipi?

FundiSinza
Dada, programu haina kosa. Saa iko sawa, angalia ukanda wa saa, yaani kompyuta inadhani inafuata saa za sehemu gani ya dunia.

Programu hizi huchukua saa ya kompyuta, zikatoa au kujumlisha tofauti ya ukanda wako ili zipate saa ya dunia, UTC. Kwa saa hiyo na tarehe zinakokotoa jua liko juu ya wapi. Ndiyo maana hazili bando. Nahisi kompyuta yako imekuja na ukanda wa Pasifiki wa Marekani, mtu akarekebisha saa kwa mkono na ukanda akauacha. Mwezi huu wa Juni kule wako saa 7 nyuma ya UTC. Kwa hiyo kompyuta ikisoma 12:00 inaamini UTC ni 19:00, kumbe ni 9:00. UTC ikiwa 19:00 jua liko longitudo 105 magharibi, na hapo ndipo Mexico yako ilipo.

Bonyeza kulia kwenye saa, ingia kwenye mpangilio wa tarehe na saa. Kama ni Windows, usihangaike kutafuta Dar es Salaam kwenye orodha ya kanda, haimo. Chagua Nairobi, UTC+03:00. Saa itaruka mbele saa 10, usishtuke, irekebishe tena iwe sawa na ya simu.

MamaFotokopi
Ilikuwa Pasifiki kweli! Nimeweka Nairobi, Dar ikang'aa pale pale. Mungu akubariki kaka.

Jioni nimekaa naisubiri giza liingie. Mstari unaotenga mwanga na kivuli umepita juu yetu saa 12 na dakika 17, tena umelala mshazari. Mimi nilijua saa kumi na mbili ndiyo jua kuzama. Bado kuna kitu hakijakaa sawa?

Mwl_Mbagala
Mama, hapo iko sahihi. Nafundisha jiografia, na ningependa kila darasa lingekuwa na ramani hiyo ukutani.

Saa zetu zinafuata longitudo 45 mashariki, lakini Dar iko kama nyuzi 39. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua hutufikia kwa kuchelewa kama dakika 23. Tena hewa hupinda mwanga: jua unaloliona likigusa upeo limeshashuka chini yake. Juni mchana wetu ni mfupi, ndiyo maana umeona dakika 17 tu; Desemba litazama kama saa 12 na dakika 37. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu mrefu kabisa unaupita mfupi kabisa kwa robo tatu ya saa tu na ushee.

Mshazari unatokana na mhimili wa dunia, umeinama nyuzi 23.4. Mwangalie huyo mstari kuanzia sasa. Utakuwa unajinyoosha kidogo kidogo hadi Septemba tarehe 22 au 23 usimame wima, halafu ulalie upande wa pili. Santos iko nyuzi 24 kusini na Juni ni kipupwe chao, jua linazama mapema, kama saa kumi na moja na nusu jioni yao. Kwetu ni saa tano na nusu usiku.

Msafiri_wa_Ubungo
Jaribu na programu ya ramani inaitwa Marble, ni ya bure, ina kivuli cha jua na unaweza kuweka alama mahali unapotaka.

MamaFotokopi
Nimeiweka. Jana mume wangu alinitumia latitudo na longitudo ya meli, nikaweka alama katikati ya bahari, mbali na kila kitu. Saa moja usiku Kigamboni giza, nafunga duka, alama yake bado iko kwenye mwanga. Mwanangu wa darasa la pili akauliza, "Kwa baba bado jua halijazama?" Nikamwambia bado. Akavuta kigoda, akakataa kuondoka mpaka kivuli kikaribie alama.