Vijitabu vya mfukoni vya ndege: nani alianza?

Mama Neema, Moshi: Wadau, nimemnunulia mwanangu kijitabu chakavu cha ndege kwenye vitabu vya mitumba. Kinaingia mfuko wa shati la shule! Ndege wamechorwa kwa rangi, maelezo mistari michache tu. Kimeandikwa Marekani, 1949. Nani anajua historia yake?

Mwalimu Mstaafu, Arusha: Hicho ni cha mfululizo wa vijitabu uitwao Golden Guide, cha Herbert Zim na Ira Gabrielson, michoro ya James Gordon Irving. Waingereza walitangulia: 1937 kampuni ya Frederick Warne, wachapishaji wa Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za watoto, ilitoa kijitabu cha Observer's Book cha ndege wa Uingereza. Lakini mimi nampenda Zim. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na inaonekana: anaanza na ndege ambao mtoto atakutana nao kweli.

Dereva wa Njiro: Msimsahau Mmarekani Roger Tory Peterson na kitabu chake cha kutambua ndege, 1934. Vistari vyake kwenye michoro vinakuelekeza alama ya kutazama. Sisi waongoza watalii tunamshukuru mpaka leo.

Mama Neema: Shikamoo Mwalimu. Jana mwanangu kaona hondohondo msitu wa Rau, kapekua hadi jalada la mwisho, hayumo.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba mwanangu. Ndege wa kijitabu hicho ni wa Marekani. Mpe daftari dogo achore wake, aanze na mdomo.