Je, aliyeumia kichwa azinduliwe kwa dawa?

Mtoa hoja: Mgonjwa aliyeumia kichwa akapewa midazolamu ili atulie hawezi kujibu maswali ya daktari, na hakuna anayejua kama kimya kile ni cha dawa au cha ubongo wenyewe. Flumazenili huiondoa midazolamu kwenye vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na kumwamsha mtu kwa dakika chache. Napendekeza iwe utaratibu wa kawaida, kwa kuwa kuchelewa kugundua damu inayovujia ndani ya fuvu kunaua.

Mpinzani: Sikubali, na sababu yangu ni damu hiyohiyo. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo, na kiasi hicho hufuata kazi ambayo ubongo unafanya. Midazolamu hupunguza kazi hiyo, mahitaji ya oksijeni yakashuka na mtiririko wa damu ukashuka nayo. Flumazenili ikipewa mtu asiye na dawa mwilini haibadilishi mengi. Ikipewa aliyetulizwa, mahitaji na damu hurudi kwa ghafla, na shinikizo likapanda ndani ya fuvu ambalo tayari limebanwa na uvimbe. Aliyezoea dawa za jamii ya midazolamu anaweza hata kupata degedege. Isitoshe, flumazenili huisha mwilini kabla ya midazolamu, hivyo mgonjwa husinzia tena wakati wauguzi wameshaamini kwamba yu macho, jambo ambalo kwangu ni la hatari kuliko usingizi wa mwanzo.

Mtoa hoja: Kuhusu shinikizo nimekuelewa, lakini, ndugu yangu, umeisahau pumzi. Aliyezidiwa na dawa hupumua kidogo, kabonidayoksaidi ikajikusanya na kutanua mishipa ya ubongo: kila shinikizo la gesi hiyo kwenye damu linapoongezeka kwa milimita moja ya zebaki, mtiririko wa damu ubongoni hupanda kwa asilimia 3 hivi. Hapo usingizi wenyewe ndio unaolijaza fuvu.

Mpinzani: Kweli kabisa, ila dawa ya pumzi hafifu ni mashine ya kupumulia. Anayehitaji kuchunguzwa mara kwa mara atulizwe kwa propofoli, dawa nyingine ya usingizi, tangu mwanzo, presha yake ikichungwa kwa makini kwa sababu dawa hiyo huishusha. Haina dawa ya kuibatilisha, lakini ikitumika kwa muda mfupi kisha ikasimamishwa, mtu huamka upesi bila kushtuliwa. Na damu unayoihofia huonekana kwenye picha ya CT (eksirei ya kompyuta), ambayo haihitaji mgonjwa awe macho.