Mrejesho: bunju wangu anakula tena

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini bunju wangu wa maji ya chumvi, yule samaki anayejivimbisha, anakimbilia kamba ninayempa ale kisha anamtema. Mliniambia nimtazame meno, na ndiyo yalikuwa yenyewe. Meno ya bunju hayaachi kukua. Ya huyu yalirefuka mpaka mdomo haufungi. Daktari wa mifugo hapa Goma aliyapunguza taratibu, samaki akiwa amelazwa usingizi kwenye maji yenye mafuta kidogo ya karafuu, bila kumtoa nje, maana akimeza hewa ni hatari. Sasa nampa konokono na gamba lake, ili meno yasagike. Jana nilisikia “kak!” kupitia kioo, nikafurahi mno! Uzito wa maji ya chumvi, ukilinganisha na maji matupu, uko 1.024, joto nyuzi 25. Umeme ukikatika, pampu ya betri inashika zamu. Aksanti sana.