Naomba ushauri: kusoma hadithi fupi za Lydia Davis kikundini

Wadau, habari zenu. Kikundi chetu kinasoma mkusanyo wa hadithi za Lydia Davis, mwandishi wa Marekani, wa 2009, unaounganisha vitabu vyake vinne vya 1986 hadi 2007. Kinachotukwamisha ni zile hadithi za sentensi moja au mbili: tukizisoma mfululizo, ya tatu inafuta ya kwanza, na watu wanauliza, "Sasa kisa kiko wapi?" Tumejaribu kusoma kila moja mara mbili kwa sauti, imesaidia kidogo tu. "Break It Down", ambamo mwanamume anapiga hesabu ya gharama za penzi lililokwisha, inazua mjadala yenyewe. Je, tuanze na hiyo ndipo tushuke kwenye fupi? Na kwa kikao cha saa moja na nusu, fupi ngapi zinatosha? Natanguliza shukrani.