Angalizo la mvua lilitoka mchana, sisi bondeni tumeamshwa na maji saa tisa usiku. Nani anazikalia hizi taarifa?

Wakuu, leo sina salamu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatoa angalizo la mvua kubwa, Dar na Pwani zikiwemo, rangi ya njano kabisa kwenye ramani. Mchana kweupe. Mwenye bando kaliona. Huku kwetu Kigogo, upande wa bondeni mwa Mto Msimbazi, hakuna kiongozi aliyepita hata na filimbi. Saa tisa usiku mama mwenye nyumba anagonga madirisha, "Amkeni, maji!" Unashusha mguu kitandani unakanyaga maji ya kifundoni, ndala zinaelea, godoro limeshakunywa. Dada wa chumba cha pili ndoo yake ya mchele aliouloweka kwa ajili ya vitumbua imepinduka, mtaji wa siku umeenda na tope.

Halafu asubuhi, jua limeshatoka, kundi la WhatsApp la mtaa ndipo linabandikwa lile angalizo, na vile viganja vya kuomba dua pembeni. Kweli jamani? Siku ya kukusanya hela ya ulinzi shirikishi wanajua kila mlango, hadi wapangaji wapya. Gari la matangazo la kampeni lilitunyima usingizi wiki nzima. La mvua ndiyo halina mafuta?

Najua wapo watakaosema mlikuwa mnaona mawingu. Mawingu gani? Kwetu kulikuwa na manyunyu tu. Maji ya Msimbazi yanaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, yanashuka Vingunguti, Tabata, yanakusanya ya mitaro njia nzima, ndiyo yanatufikia sisi na Jangwani. Mvua inaweza kupiga kule juu wewe huku umeanika nguo. Ndiyo maana kumwambia mtu wa bondeni "mvua kubwa mkoa wa Dar es Salaam" hakumsaidii. Anataka kujua huko juu inanyesha tangu saa ngapi, na maji yameshafika wapi.

Siwalaumu wataalamu. Wingu la radi huwezi kulipangia kata siku moja kabla, linajijenga na kumwaga ndani ya saa chache. Lakini rada ya kufuatilia mvua ipo hapa hapa Dar, na likishajijenga linaonekana. Hizo saa mbili tatu ndizo zetu, za kupandisha godoro juu ya kabati, kuzima umeme kwenye mita, kumbeba bibi. Zinapotelea wapi kati ya ofisi na mlango wangu?

Na lugha yenyewe. Kipimo cha mvua kubwa ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Milimita 50 za kunyesha taratibu kutwa nzima, ardhi inazimeza. Zikimwagwa zote kwa saa mbili kwenye mtaro uliojaa chupa na pampasi, ni habari nyingine kabisa. Sasa mtu anasoma kwenye angalizo kwamba uwezekano wa kutokea ni "wastani", anajua haimhusu, analala.

Desemba 2011 tulizika watu takriban 40 jiji hili, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Msiniambie "si mhame". Wengi hapa ni wapangaji, kodi ya bondeni ndiyo tunayoimudu, na huo mradi wa serikali wa kuboresha bonde la Msimbazi haujamfikia kila mtu.

Halafu ninyi mnaosubiri mvua ndiyo mtapishe vyoo! Yaani mnasikia radi mnafurahi. Yale maji yameingia kwenye masufuria ya watu, watoto wameyachezea, kesho kipindupindu kikianza mtasema ni maembe.

Ninachotaka hakihitaji mfadhili. Mjumbe wa kila shina apigiwe simu mvua ikianza Pugu. Misikiti na makanisa yana vipaza sauti, waombwe watangaze hata usiku wa manane, hakuna atakayenuna. Mtu mmoja akae darajani na tochi, alipwe kutoka kwenye hela hiyo hiyo ya ulinzi.

Mwenyekiti wetu najua unasoma humu kwa ID ya bandia. Masika bado hayajaisha. Jibu hapa hapa, kwa jina lako.