Naomba ushauri: mafunzo gani ya intelijensia ya ushindani wa kibiashara yanamfaa mtu anayeanza?

Binti Pugu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninafanya kazi katika idara ya masoko ya kampuni ya ukubwa wa kati jijini Dar es Salaam, inayoagiza na kusambaza rangi za majumba, vigae na vifaa vingine vya kumalizia ujenzi. Shahada yangu ni ya takwimu. Mwaka huu bodi imeamua kwamba awepo mtu ambaye kazi yake itakuwa kuwafuatilia washindani wetu kwa utaratibu unaoeleweka, badala ya kutegemea maneno ya madereva na mawakala, na jukumu hilo nimepewa mimi. Mkurugenzi amekubali kunilipia mafunzo ya aina moja tu, na anataka nimpelekee pendekezo la maandishi.

Nimepata njia tatu. Ya kwanza ni semina ya siku tano hotelini, hapa hapa nchini, yenye cheti na jina zito, ingawa ratiba yake haisemi mengi zaidi ya vichwa vya mada. Ya pili ni kozi ya mtandaoni ya chuo cha nje kinachojulikana katika fani hii, ambacho ada yake hulipwa kwa dola. Ya tatu ni kozi ya kutengeneza ripoti na dashibodi za mauzo kwa kompyuta, ambayo mwenzangu wa idara ya TEHAMA anasisitiza kuwa ndiyo hiyo hiyo intelijensia ya biashara inayozungumzwa.

Lakini lipo jambo linalonikosesha amani kuliko ada. Mkurugenzi ameniagiza nimpigie simu mshindani wetu mkubwa, nijifanye mkandarasi anayejenga hoteli Bagamoyo, ili nipate bei zake za jumla na masharti yake ya mkopo. Anasema kila kampuni hufanya hivyo. Ningependa kujua kama mafunzo ya kweli ya fani hii yanafundisha mambo ya namna hiyo, au ndiyo kwanza yanayakataza.

Mzee wa Takwimu

Karibu sana, binti. Nimefanya kazi hii katika sekta ya fedha na baadaye ya mawasiliano, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Nianze na njia ya tatu, kwa kuwa ni rahisi kuiondoa. Dashibodi huonyesha yanayotokea ndani ya kampuni yako: rangi gani imeuzwa Mwanza, mteja gani amechelewa kulipa. Ni ujuzi mzuri, na kwa mtu wa takwimu utakuchukua muda mfupi kuupata, lakini hautakuambia mshindani anakusudia kufanya nini mwakani. Bodi yako imeuliza habari za nje ya ukuta.

Fani unayoiulizia ina historia inayojulikana. Michael Porter wa Harvard alitoa kitabu chake cha mikakati ya ushindani mwaka 1980, akaonyesha kwamba mshindani huchambuliwa kwa kuangalia malengo yake, dhana alizonazo kuhusu soko, mkakati anaoufuata sasa na uwezo wake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, Jan Herring, aliyekuwa ametumikia shirika la ujasusi la Marekani, CIA, alijenga kitengo cha aina hii katika kampuni ya Motorola. Jumuiya ya wataalamu wa fani hii, SCIP, ilianzishwa Marekani mwaka 1986. Kisha mwaka 1999 Herring, Leonard Fuld na Ben Gilad wakaanzisha chuo cha mafunzo ya fani hii, nacho hutoa vyeti vya fani hii.

Sasa, ukiniuliza ni somo gani moja nisingekubali kulikosa, nitakutajia lile la Herring la kupanga mada kuu za intelijensia. Alisema mchambuzi asianze na washindani. Aanze na wakubwa wake mwenyewe. Anakaa na mkurugenzi na kumwuliza mambo ya aina tatu: ni uamuzi gani anaotarajia kuufanya, ni jambo gani hataki limkute ghafla, na ni wachezaji gani sokoni anaotaka kuwaelewa kwa undani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua utafute nini. Mtu asiyefundishwa hili hukusanya kila kitu: picha za mabango, bei za rejareja, habari za magazeti, mpaka analo kabati zima la karatasi ambazo hakuna mkubwa aliyewahi kuzitumia kuamua lolote. Nimeyaona mafaili ya namna hiyo katika ofisi zaidi ya moja, yamefungwa vizuri sana.

Kwa hiyo, kabla hujalipa semina ya hotelini, waandikie waandaaji na uwaulize kama washiriki wanafanya zoezi la kumhoji mtoa maamuzi, kama wanapewa kampuni halisi ya kuichambua, na kama kuna mtu anayesahihisha kazi hiyo. Wakikujibu kwa kukutumia tena kipeperushi kile kile, umepata jibu.

Kahawa Chungu

Mimi nitatofautiana na Mzee, kwa heshima. Hiyo ada ya dola ingetosha kumlipa kijana mwenye macho azunguke maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo upande wa Gerezani kwa miezi mingi. Muuza duka wa Gerezani anajua nani ameshusha kontena, nani anatoa bidhaa kwa mkopo wa siku 30 na nani amebadilisha ajenti, tena atakueleza bila kuombwa ukiwa mteja wake. Vyeti vya nje havijawahi kufika Gerezani.

Mzee wa Takwimu

Kahawa, hapo sikupingi hata kidogo, na Fuld na wenzake wasingekupinga pia, kwa sababu mahojiano na watu wa sokoni ndiyo nusu ya fani yenyewe. Shida ni kwamba muuza duka anakueleza lililotokea jana kama alivyoliona yeye, na yeye naye ana wasambazaji anaowapendelea. Mafunzo yanakusaidia kujua umwulize nini, ulinganishe jibu lake na chanzo gani, na uliandike vipi ili mkurugenzi atofautishe kilichothibitishwa na kilichosikika.

Na vyanzo vya kulinganishia tunavyo vingi kuliko watu wanavyodhani. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ukilipia ada ya upekuzi, utaona wanahisa na wakurugenzi wa kampuni, na pia mali zilizowekwa rehani kwa benki. Kampuni iliyoweka mitambo yake yote dhamana mwaka jana ama inajitanua, ama imebanwa, na hapo ndipo kazi ya uchambuzi inapoanza. Mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, hutangaza zabuni zilizotolewa na nani ameshinda. Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hulazimika kuchapisha hesabu zao. Tume ya Ushindani hutoa matangazo kwa umma pale kampuni zinapotaka kuungana. Nilipokuwa katika mawasiliano, ripoti za robo mwaka za TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, zilitupatia idadi ya laini za kila mtandao, jambo ambalo wenzetu wa sekta nyingine hawana.

Usiyadharau hata matangazo ya kazi. Msambazaji akitangaza nafasi ya msimamizi wa ghala Dodoma na madereva wawili wenye leseni ya magari makubwa, huhitaji mtu wa ndani wa kukuambia anaelekea wapi.

Wakili wa Upanga

Naomba nijibu swali ambalo wachangiaji wamelipita, nalo ni la ile simu.

Kanuni za maadili za SCIP ziko wazi: mtu anayemhoji mwingine kwa kazi hii anatakiwa kwanza ajitambulishe kwa ukweli, yeye ni nani na anatoka wapi. Kujifanya mkandarasi wa Bagamoyo kunavunja kanuni hiyo moja kwa moja. Unaweza kununua bidhaa ya mshindani dukani, unaweza kusoma orodha ya bei aliyoitangaza, unaweza kumwuliza mkandarasi halisi ambaye ni mteja wenu amepewa masharti gani, mradi hakufungwa na mkataba wa siri. Huwezi kumdanganya mtu ili akupe kitu ambacho asingekupa kama angekujua.

Kisa ambacho hufundishwa karibu kila mahali ni cha Procter & Gamble mwaka 2001. Watu waliokodiwa kwa niaba ya kampuni hiyo ya sabuni na vipodozi walipekua taka nje ya ofisi za mshindani wake, Unilever, mjini Chicago ili kupata mipango ya bidhaa za nywele. Wakuu wa Procter & Gamble walipogundua, waliwaeleza Unilever wenyewe, na mambo yakaisha kwa makubaliano ambayo yaliripotiwa kugharimu karibu dola milioni 10. Zingatia kwamba waliofanya kosa walikuwa watu wa nje waliokodiwa. Hilo halikuiondolea kampuni aibu wala gharama. Mkurugenzi wako anapaswa kukisikia kisa hiki kabla hajakodi mtu wa kufanya ulichokataa wewe.

Hata hivyo, kwa Tanzania Bara hatari kubwa zaidi mara nyingi haiko kwenye uongo wa simu, iko kwenye urafiki. Mameneja mauzo wa kampuni pinzani huwa wamesoma pamoja, wako kundi moja la WhatsApp, na mmoja anaandika kwa nia njema kabisa kwamba wao watapandisha bei mwezi ujao, je, wenzake wanaonaje? Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza makubaliano ya kupanga bei baina ya washindani pamoja na kula njama katika zabuni, na faini yake huhesabiwa kwa asilimia ya mapato ya mwaka, kuanzia 5 hadi 10. Mchambuzi anayeichukua habari hiyo na kuiweka kwenye ripoti amewapa wachunguzi ushahidi uliokwisha kupigwa chapa. Ukiona ujumbe wa namna hiyo, andika kwamba huhusiki, toka kwenye kundi, na umjulishe mwanasheria wenu siku hiyo hiyo.

Ongeza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jedwali lenye majina ya wafanyakazi wa mshindani, namba zao za simu na habari za maisha yao ni ukusanyaji wa taarifa binafsi, hata kama kila kipande ulikiokota kwenye mitandao ya kijamii. Kozi ya nje haitakufundisha sheria za hapa, kwa hiyo omba nusu siku na mwanasheria wa kampuni, na uiweke kwenye pendekezo lako kama sehemu ya mafunzo.

Mwana wa Lubumbashi

Habari zenu ndugu. Kwetu sisi tunaosoma Kifaransa kuna mlango mwingine ambao hamkuutaja. Mwaka 1994 serikali ya Ufaransa ilipokea ripoti ya tume iliyoongozwa na Henri Martre kuhusu intelijensia ya kiuchumi, na mwaka 1997 ikaanzishwa Paris shule ya vita vya kiuchumi, ambayo Christian Harbulot ni mmoja wa waasisi wake. Fikra yao ni pana kuliko ya Wamarekani: wanafundisha pia jinsi ya kulinda siri zako mwenyewe na jinsi mshindani anavyoweza kukuchafulia jina. Sipendekezi dada aanzie huko, maana si kozi ya kampuni ya vigae. Ila swali la ulinzi ni la kwake pia. Kama ninyi mnasoma matangazo ya kazi ya wenzenu, na wao wanasoma ya kwenu.

Binti Pugu

Ninawashukuru kwa dhati. Nimeiondoa kozi ya dashibodi, na waandaaji wa semina nimewaandikia maswali yale; wamejibu kwamba yote yatafafanuliwa ukumbini. Nitapendekeza kozi ya mtandaoni, kwa kuanza na sehemu za kupanga mada na kuhoji watu tu badala ya cheti kizima, pamoja na nusu siku ya mwanasheria. Kuhusu simu, nimemweleza mkurugenzi kisa cha Chicago, akanyamaza kidogo, kisha akauliza nitampatia nini badala yake.

Nimejaribu kuandika mada yangu ya kwanza hivi: «Washindani wetu ni akina nani na wanafanya nini?» Naomba mnisahihishie.

Mzee wa Takwimu

Hiyo ni pana mno. Ukiijibu kwa ukamilifu utastaafu nayo. Mkurugenzi wako anatarajia kuamua nini katika miezi sita ijayo?

Binti Pugu

Anafikiria kukodi ghala Dodoma, lakini anahofia kwamba msambazaji mwingine atatangulia na kuwafunga wenye maduka kwa mikataba ya mkopo.

Mzee wa Takwimu

Basi mada yako ni hii: «Je, kuna msambazaji mwingine atakayefungua ghala Dodoma kabla yetu, na atawapa wenye maduka masharti gani ya mkopo?» Sehemu ya kwanza itafute kwenye matangazo ya kazi, kwa madalali wa maghala na kwa wasafirishaji. Sehemu ya pili waulize wenye maduka wenyewe, kwa jina lako na la kampuni yako. Ni wateja wenu watarajiwa, na kwa kawaida wanafurahi kuulizwa. Mpe mkurugenzi ukurasa mmoja, tarehe juu, na kila sentensi ionyeshe imetoka wapi.

Kahawa Chungu

Dodoma naye aanzie Majengo sokoni. Hapo hakuna ada ya dola.